Mguu wa Kushoto wa Shija

Meneja wa sasa ameniomba niwaachie kurasa chache nyie mnaobaki kwenye chumba cha masaji. Alisema niandike habari za mafuta, mataulo na namna ya kumpokea mgeni. Nitaandika. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya, na uongo wa kunyamaza nimeshaufanya kwa miaka ya kutosha. Kwa hiyo nivumilieni. Mafuta yatakuja kwanza, mengine yatafuata.

Naitwa Editha, wengi wenu mnaniita mama. Nilianza kambini kama mfuaji wa mashuka. Wakati huo kambi ilikuwa mabanda manne ya nyasi chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, karibu na chemchemi ya maji ya moto ambayo sisi watu wa Mpimbwe tulikuwa tukiwapeleka wagonjwa wa baridi yabisi. Mwenye kambi alikuwa amegundua jambo moja kuhusu watu wa mjini: wakichoka na mji, wako tayari kusafiri mchana kutwa waje kuchoka zaidi mlimani, mradi wakishuka wapate mtu wa kuwaondolea uchovu huo. Akaandika kwenye kibao cha barabarani: "Siku tatu za wawili. Pandeni mlima, shukeni mpumzike." Walikuwa wanakuja mtu na mkewe, wachumba, na wengine ambao hatukuwauliza.

Ratiba mnaijua, haijabadilika sana. Siku ya pili asubuhi, kabla jua halijawa kali, Kasian anawaongoza kupita miombo mpaka juu kwenye jiwe bapa, wanapoiona mbuga yote ya Rukwa imelala chini. Wanashuka saa nane, saa tisa. Wanaingia kwenye maji. Halafu wanakuja kwetu.

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba kile nilimkanda mgeni kama ninayesonga ugali wa watu kumi. Alikuwa mama mnene mwenye adabu, akawa anasema "asante, asante" huku machozi yanamtoka. Mama Koleta akanishika mkono akanitoa nje.

"Yule si unga," aliniambia. "Yule ana mishipa. Mishipa inaongea. Wewe unapiga kelele juu yake utasikia nini?"

Mama Koleta ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Kabla ya kambi alikuwa anakanda wazazi kijijini, wanawake wanaotoka kujifungua, na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alinifundisha kupima maji kwa kiwiko, kwa sababu kiganja cha mfuaji kimeshakufa ganzi na kitakudanganya. Maji ya chemchemi yanaweza kuivisha yai, kwa hiyo kwenye bafu la mawe unatangulia kuweka ya mto, halafu ya moto, kamwe usigeuze. Mafuta ya nyonyo ni ya magoti na viwiko. Ya alizeti yaliyochemshwa na mchaichai ni ya mgongo. Kikombe cha mafuta kikae ndani ya bakuli la maji ya moto, usimmwagie mtu mafuta ya baridi mgongoni halafu umwambie ajilegeze. Na mataulo yaanikwe kwenye kamba, siyo juu ya majani. Niliwahi kuanika juu ya majani ambayo upupu ulikuwa umepita. Yule bwana tuliyemfuta kwa taulo lile sidhani kama alipumzika.

Vitanda viwili viko sambamba kwa sababu. Mtu na mkewe wakilala kifudifudi, kila mmoja kitandani kwake, hawaonani uso, na hapo ndipo wanapoambiana ya kweli. Nimesikia watu wakiombana radhi wakiwa wameinamia sakafu. Nimesikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba ameshapata mtu mwingine. Wewe endelea kukanda. Masikio yako yawe ukutani.

Halafu kuna sheria ya Mama Koleta, ambayo mngeikuta ukutani hata nisingeandika hapa. Aliisema siku ya tatu ya kazi, tukiwa tunakunja mashuka.

"Miguu yote miwili ikivimba, mtu amechoka au ana ugonjwa wake wa siku nyingi, muulize. Mguu mmoja ukivimba, na una moto kuliko mwenzake, na mtu anaruka ukigusa shavu la mguu, huo usiukande. Hata akikuomba. Mwite mwenye gari ampeleke hospitali."

"Kwa nini?" niliuliza.

"Sijui kwa nini. Nilikanda mguu wa namna hiyo mara moja, mzazi wa siku nne. Sitaki kukuhadithia."

Hakunihadithia. Akazeeka, akarudi kijijini kwake, nikabaki mimi kuwa mkubwa wa chumba.

Shija na Doreen walikuja mwishoni mwa masika, mlima ukiwa bado wa kijani. Walikuwa wanaishi Dar es Salaam. Doreen alikuwa mtu wa Morogoro, Shija alikuwa mtoto wa hapa hapa Katavi, Msukuma wa Mwamkulu, karibu na Mpanda, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Walikuwa wametimiza miaka mitano ya ndoa. Mpango wao ulikuwa kumaliza siku zao tatu kwetu, halafu warudi Mpanda wakakae wiki nzima kwa mama yake Shija. Walikuwa wamepita Mpanda bila kumwambia, kwa kuwa angejua wamefika asingewaacha waondoke tena. Walicheka walipokuwa wanasema hivyo.

Walikuwa wamekaa kwenye basi siku mbili, wakaja kwetu kwa gari jingine, na asubuhi iliyofuata wakapanda mlima. Kasian aliniambia baadaye kwamba Doreen alikuwa mbele njia nzima, na Shija alikuwa anachechemea kidogo akisingizia mpira wa Jumamosi.

Siku hiyo mwenzangu wa chumbani alikuwa likizo. Kwa hiyo sikuweza kuwakanda wote pamoja. Doreen akasema atangulie kwenye maji, Shija aanze masaji.

Nilianza mgongo, kama kawaida. Tukawa tunazungumza habari za kwao. Nilipofika miguuni nikashika wa kulia, ukawa mguu tu. Nikashika wa kushoto.

Nilihisi. Nataka mlisome hili neno vizuri: nilihisi. Shavu la mguu lilikuwa gumu, limejaa, na lilikuwa na moto kama mtoto mwenye homa. Alivuta mguu akasema, "Taratibu hapo, dada."

Nikaondoa mikono. Nikamwambia, "Kaka, huu mguu mimi sitaukanda. Inabidi uonekane na daktari."

"Daktari wa nini? Ni msuli huo. Ndiyo uliofanya nije."

Nikatoka nikamkuta meneja wa wakati ule kwenye kibaraza. Nikamweleza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mambo mengi, na gari lilikuwa limekwenda Kibaoni kuchukua mboga.

"Editha, mtu ametoka kupanda mlima, ana mguu unaouma, amekuja kukandwa," alisema. "Wewe unamwambia aende hospitali. Sasa tunauza nini hapa?"

"Mama Koleta alisema..."

"Mama Koleta alikuwa daktari?"

Nilirudi ndani. Hakuna aliyenisukuma. Ningeweza kukaa kwenye kiti nikasema mikono inaniuma, ningeweza kumwita mkewe. Badala yake nilimimina mafuta nikaukanda mguu wa kushoto wa Shija, kutoka kwenye kifundo kwenda juu, polepole, kama robo saa. Nilijiambia kwamba nikikanda polepole haitakuwa sawa na kukanda.

Akainuka akavaa shati. Akanywa maji. Akafika mlangoni akashika fremu.

"Dada, mbona pumzi haitoshi?"

Akaketi kizingitini. Nikamwita kwa jina. Akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu, halafu akalala upande.

Doreen alitoka kwenye maji amejifunga kitenge, akapiga magoti kwenye mchanga akamtikisa. Kasian alipiga simu gari lirudi mbio. Likarudi, tukamlaza nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya mkewe. Tuliondoka kuelekea Mpanda. Alifariki kabla hatujafika.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alituita mimi, Kasian na meneja kwenye chumba kidogo, akaeleza kwamba inaelekea damu iliganda mguuni, pengine kwa ile safari ndefu ya kukaa bila kunyoosha miguu, na kipande kikasafiri mpaka kwenye mapafu. Alisema kingeweza kutoka wakati wowote, hata akiwa amelala.

"Kuna aliyejua kwamba alikuwa na maumivu ya mguu?" aliuliza.

Kasian akasema habari ya mpira. Meneja akatazama dirishani. Mimi nikatazama sakafu ya saruji, ilikuwa na ufa unaokwenda mpaka chini ya meza. Nikanyamaza.

Mazishi yalifanyika Mwamkulu. Sikwenda. Dereva wetu ndiye aliyeupeleka mwili, na aliporudi akatusimulia. Mama yake Shija alimsimamisha Doreen mbele ya watu akamwambia: "Ulimpitisha mwanangu mlangoni kwangu, hukumwacha hata anisalimie, ukampeleka kufa mlimani." Wengine wakaongeza yao. Kijana mzima, hana ugonjwa, ameanguka baada ya kunywa maji: maji hayo nani alimpa? Baada ya tanga, Doreen aliambiwa asirudi tena.

Niliyasikia hayo nikiwa nimeshika ndoo ya mataulo. Maji yale nilimpa mimi.

Miezi michache baadaye nilikwenda kwa Mama Koleta. Nilimkuta amelala, amekwisha, miguu yake yenyewe imekuwa vijiti. Nilimkanda kwa mafuta ya nyonyo niliyomletea, nikamwambia kila kitu.

"Moto uliusikia?" aliuliza.

"Niliusikia."

Alijifunika shuka. "Na mimi niliusikia, wa yule mzazi. Mumewe aliuliza, nikasema ni Mungu." Akageuza uso ukutani. "Usifanye kama mimi, mwanangu."

Alifariki kabla ya mavuno. Na mimi nilifanya kama yeye.

Miaka minane. Katika miaka hiyo niliendelea na kazi, na niliifanya vizuri, nasema hivyo bila kujisifu. Nilianza kumuuliza kila mgeni kabla hajalala: umesafiri muda gani, umeumwa, una mimba, mguu unauma? Meneja alinung'unika kwamba nawatisha watu waliokuja kustarehe. Mara mbili nilikataa mguu na mara mbili nilipiga kelele mpaka gari likatoka. Mmoja hakuwa na kitu, aliteguka tu, akaandika malalamiko. Mwingine alilazwa wiki nzima, akapona, akaniletea vitenge. Nilivifungia sandukuni, sikuwahi kuvivaa.

Nilikuwa napita Mpanda kila mwezi kwenda kununua mafuta. Mwamkulu iko hapo hapo pembeni ya mji, bodaboda anakufikisha kabla hujamaliza kuzoea upepo. Kila mwezi nilijiambia mwezi ujao.

Mwaka huu, nikiwa nimeshaandika barua ya kustaafu, Doreen alikuja. Alikuja peke yake, ingawa kibao bado kinasema wawili. Alimwomba Kasian ampandishe mpaka kwenye jiwe. Kasian anasema alikaa juu pale, akala yai moja la kuchemsha, akashuka. Halafu akaja chumbani. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zimeanza mvi.

Nikamwonyesha kitanda. Akakataa, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Sikuja kukandwa," alisema. "Nimekuja kuuliza. Wewe ulikuwa naye. Alikuambia kwamba mguu unamuuma?"

Nilikuwa nimeliandalia swali hilo majibu mengi. Nilikuwa na jibu la daktari, jibu la meneja, jibu la Mungu. Nilipofungua mdomo likatoka lile lingine.

"Hakuniambia mpaka nilipougusa. Niliushika nikaujua. Nilifundishwa nisiukande mguu wa namna ile, na nikaukanda. Na daktari alipouliza, nikanyamaza."

Hakupiga kelele. Alianza kuhesabu kitu kwa vidole, halafu akaacha.

"Mimi aliniambia," alisema. "Ndani ya basi, tumepita Tabora. Nikamwambia ukikandwa utapona." Kisha sauti ikapanda. "Lakini mimi nilikuwa sijui! Wewe ulikuwa unajua. Miaka minane, mama! Miaka minane wanasema nilimpa sumu. Sijawahi kuliona kaburi lake likiwa limesakafiwa. Hata sijui kama limesakafiwa."

Nilipiga magoti. Akasema nisimpigie magoti, akatoka.

Asubuhi nilimpelekea barua. Nilikuwa nimeiandika vizuri, na jina langu lote chini. Alikuwa anafunga begi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja akanirudishia.

"Mama Shija hajui kusoma," alisema. "Na mimi sitakuwa mdomo wako. Gari linaondoka saa mbili. Utakuja?"

Nikaenda nilivyokuwa, na sare ya kambi.

Tulipita hifadhini mpaka Mpanda mjini, halafu tukapanda bodaboda mbili kwenda Mwamkulu. Tulimkuta Mama Shija uani, anaanika mpunga kwenye turubai, anausambaza kwa mguu. Ni mama mrefu, mweusi, amenyooka bado. Alipomwona Doreen aliacha kusambaza, lakini mguu wake ulibaki ndani ya mpunga.

"Shikamoo, mama," Doreen alisema.

Hakuitikia. Akanitazama mimi. "Na huyu ni nani?"

Nilipiga magoti, na safari hii hakuna aliyenikataza. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nakanda watu kule mlimani. Nikamwambia mguu, moto, na sheria niliyofundishwa. Nikamwambia maji aliyokunywa nilimpa mimi na yalikuwa maji tu. Nikamwambia mkewe hakuwepo chumbani. Nilisema yote bila kupumzika, nikiogopa kwamba nikivuta pumzi nitatafuta namna ya kujipunguzia.

Alisikiliza. Kuku walikuwa wameanza kusogelea turubai na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemshika mwanangu mwisho," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa analia?"

"Hapana, mama. Alikuwa ananitania. Alisema keshokutwa atakuwa Mwamkulu, na mama yake, mayu, anakanda kuliko mimi."

Mama Shija aliinama akaokota kijiwe kwenye mpunga. Akakigeuzageuza. Akakitupa nje ya turubai.

"Alipokuwa mdogo," alisema, "alikuwa anachunga mbali. Jioni nilikuwa namkanda miguu kwa siagi." Akamgeukia Doreen. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye maji, mama."

"Hakukuita?"

"Hakuniita."

Doreen alianza kulia hapo, amesimama na begi lake begani. Mama Shija hakumkumbatia. Alikwenda ukutani akachukua majembe mawili, moja akamkabidhi, kwa mikono miwili, kama mnavyojua jembe linavyokabidhiwa.

"Majani yameota juu yake," alisema. "Tangulia. Ni nyuma ya zizi."

Wakaenda. Mimi sikuitwa. Nilibaki uani nikifukuza kuku, nikayasikia majembe yakigonga udongo. Nilikaa hapo kivuli kikahama upande mmoja wa turubai kwenda mwingine. Nilijua sasa kwamba kile nilichokificha miaka minane hakikuwa kosa langu tu. Nilikuwa nimemficha mama mtu utani wa mwisho wa mwanawe, na nilikuwa nimemficha mke kaburi.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachowaachia. Mafuta mtajifunza. Mgeni akikasirika, mwacheni akasirike. Meneja akiuliza tunauza nini, mjibuni kwamba hamjui, ila huo mguu hamuukandi. Na mkikosea, kwa maana mtakosea, semeni siku hiyo hiyo, mbele ya yule anayeuliza. Ukichelewa kusema, kuna mtu mwingine anaubeba mzigo wako, na huenda hana mgongo wa kuubeba.

Waliporudi, Doreen alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Aliingia ndani kunawa bila kuambiwa aingie na bila kukatazwa. Mama Shija alisimama mbele yangu. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari.

"Nenda," aliniambia.

Hakulisema kwa ukali, wala hakulisema kwa upole. Nikainuka, nikapangusa magoti, nikaenda.